Mipaka ya wakala wa akili mnemba ndani ya REAPER
Kwa aliyeuliza wakala (programu ya akili mnemba inayotenda kazi yenyewe) aruhusiwe nini ndani ya REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki: kwanza mnyime kabisa zana ya kuendesha skripti. ReaScript (skripti ya REAPER) iliyoandikwa kwa lugha ya Lua inaweza kuita amri za kompyuta yenyewe, hivyo ukiiacha wazi makatazo mengine yote hayana maana. Kusoma traki na kuongeza MIDI (data ya noti za muziki) sawa. Kufuta na kuhifadhi juu ya faili la zamani aombe idhini kila mara.

Hatari inayosahaulika ni sauti. Thamani ya D_VOL, namba inayopanga kiwango cha sauti ya traki, si desibeli: 1 ni 0 dB, 2 ni takriban +6 dB. Wakala akiandika 6 akidhani ni desibeli, traki inapanda karibu dB 15.6, na aliyevaa hedifoni anaumia masikio. Seva inayopeleka amri za wakala kwa REAPER ikatae chochote kinachozidi 1, kisha weka limita (kizuizi cha sauti isipite kiwango) kwenye masta, yaani traki kuu, ambayo wakala haruhusiwi kuigusa.