Wiki tano bila kuonekana: nilivyojifunza kuandaa ramani ya tovuti

Mama yangu mdogo anauza viungo Muheza: iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu zinazoshuka kutoka milima ya Amani. Nilimtengenezea tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, kurasa 41, picha zote nimepiga mwenyewe shambani. Wiki ya tano tangu tuizindue akanipigia simu.

"Mwanangu, nimeandika jina la duka kwenye Google kama ulivyonielekeza. Hatumo. Mbona kwenye simu yako tulikuwemo?"

Kwenye simu yangu tulikuwemo kwa sababu nilikuwa nafungua anwani moja kwa moja, sitafuti. Nikamwambia, "Nipe leo usiku, mama," nikawasha kompyuta.

Kwa asiyejua, ramani ya tovuti ni faili moja tu, mara nyingi huitwa sitemap.xml, lenye orodha ya anwani za kurasa unazotaka injini za utafutaji zizijue. Roboti za Google na Bing huzunguka mtandaoni kwa kufuata linki, zinatoka ukurasa huu zinaingia ule. Tovuti changa haina wa kuitaja, kwa hiyo zinaweza kukaa muda mrefu bila kupita mlangoni kwako. Google walianzisha utaratibu huu mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali. Ndiyo maana faili hilo hilo linafaa kwa wote.

Usiku ule nilifungua faili letu kwa mara ya kwanza tangu niliwasilishe. Mistari yote 41 ilikuwa hivi:

<loc>https://majaribio.mfano.co.tz/iliki/</loc>

"Mfano" nimeweka hapa badala ya domeni (jina la tovuti) ya mama. Neno la kutazama ni hilo la mwanzo, "majaribio". Ilikuwa anwani niliyojengea tovuti kabla ya kuihamishia kwenye domeni yenyewe. Nilikuwa nimewapelekea Google orodha ya nyumba niliyokwisha kuihama.

Nilifikaje huko? WordPress, tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, hujitengenezea ramani yenyewe. Ukiandika domeni yako kisha /wp-sitemap.xml, inafunguka. Yangu haikufunguka, nikaona WordPress imeharibika. Nikakimbilia huduma moja ya bure inayotengeneza ramani, nikabandika anwani iliyokuwa wazi kwenye kompyuta yangu, nikapakia faili kwenye seva bila kulisoma. Kumbe wakati wa ujenzi nilikuwa nimeweka tiki kwenye kisanduku kilichoko kwenye mipangilio ya usomaji, kile kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Tiki ikiwepo, WordPress haitoi ramani, na kila ukurasa unabeba agizo la noindex, yaani "usiniorodheshe". Kwa hiyo hata ramani ingekuwa sahihi, Google wangefika mlangoni wakakuta wameambiwa wasituorodheshe.

Kama tovuti yako ni ya WordPress na haionekani, anza na kisanduku hicho kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Nilitoa tiki, nikafuta lile faili la kupakia, na wp-sitemap.xml ikafunguka papo hapo. Nikaisoma mstari kwa mstari, na hapo nikakuta jambo jingine. Ilikuwa na anwani 137, wakati kurasa zetu ni 41. Zilizobaki zilikuwa za lebo nilizobandika ovyo kwenye makala, "iliki", "iliki nzuri", "iliki ya Muheza", pamoja na ukurasa wa mwandishi ambaye ni mimi. Kurasa za namna hiyo hazina kitu ndani ila vipande vya kurasa nyingine. Mteja akitua humo ataondoka. Niliziondoa kwa programu-jalizi ya SEO, yaani programu ndogo unayoiongeza kwenye WordPress ili tovuti ionekane vizuri kwenye utafutaji, ambayo pia huchukua kazi ya kutengeneza ramani. Ukiwa nayo, wasilisha ramani yake, maana ile ya WordPress huzimwa.

Kuwasilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Unafungua akaunti ya Google Search Console, huduma yao ya kufuatilia tovuti yako kwenye utafutaji, unathibitisha kwamba domeni ni yako, unaingia sehemu ya ramani, unabandika anwani ya faili, basi. Kwa uthibitisho napendelea rekodi ya TXT kwenye DNS, yaani mstari wa maandishi unaowekwa kwenye mipangilio ya domeni, kwa sababu inashika domeni nzima, yenye www na isiyo nayo. Kama domeni inasimamiwa na mtu mwingine, mtumie mstari huo auweke, usimpe neno lako la siri. Bing wana Webmaster Tools, na wanakuruhusu kuhamisha taarifa zako kutoka Search Console bila kuanza upya. Halafu weka mstari huu kwenye robots.txt, faili la maelekezo kwa roboti (sitemap_index.xml ni jina la ramani ya programu-jalizi yangu), ili hata injini ambayo hujajisajili kwake ijue pa kutazama:

Sitemap: https://mfano.co.tz/sitemap_index.xml

Unawasilisha mara moja. Makala mpya ikiingia, faili linajisasisha na roboti hurudi kulisoma. Masomo ya zamani yatakwambia "upige pingi", yaani uziarifu injini mwenyewe, kila ukichapisha. Google waliachana na njia hiyo mwaka 2023, na Bing walikuwa wameshaiacha kabla yao. Na anayekuambia umlipe akupeleke kwenye injini mia tano za utafutaji, hela hiyo nunulia bando.

Mipaka ya faili ni anwani 50,000 au megabaiti 50, hivyo wengi wetu hatutaigusa kamwe. Kinachosumbua watu wadogo ni vitu vidogo. Mstari mtupu mmoja juu ya faili, kabla ya tangazo la XML (mstari wa kwanza unaosema faili ni la aina gani), unatosha kulifanya lisisomeke. Alama ya & ndani ya anwani lazima iandikwe &amp;. Tarehe za lastmod, zinazosema ukurasa ulibadilishwa lini mwisho, nazo ziwe za kweli. Google wamesema huzitumia pale wanapoona zinaaminika, na hawajali kabisa changefreq (ukurasa hubadilika mara ngapi) wala priority (una umuhimu gani), kwa hiyo usipoteze usiku kupanga namba hizo.

Kisha rudi kutazama. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo lililonigharimu wiki tano. Search Console ilikuwa imeniandikia tangu siku za mwanzo kwamba anwani zilizomo haziruhusiwi, si za anwani ambapo faili lenyewe limekaa. Ujumbe ulikuwepo, mimi sikurudi kuusoma. Mama akawa anangoja wateja ambao hawakuwa na njia ya kumwona, na wiki hizo zilikuwa za mavuno.

Baada ya marekebisho, ukurasa wa mwanzo uliingia ndani ya siku nne, na kurasa 30 hivi zikafuata mwezi ule. Ramani haimlazimishi Google kukuorodhesha. Inamjulisha kuwa upo. Ukurasa wa mdalasini ulikaa wiki kadhaa kwenye kundi la kurasa zilizogunduliwa lakini hazijaorodheshwa. Nilipochunguza, hakukuwa na ukurasa mwingine wowote unaouelekea. Ulikuwa kwenye ramani tu. Niliuwekea linki kutoka ukurasa wa mwanzo na kutoka makala ya pilau, nikaongeza maelezo ya mama ya namna ya kutambua gome bichi lililoanikwa haraka, ukaingia.

Mama alipiga tena mwezi uliofuata. Kuna mama lishe wa Dodoma alikuwa ametafuta iliki ya jumla, akamkuta, akaagiza kilo mbili. Aliniuliza kama karafuu nazo zimo. Zimo. Pilipili manga bado, na nikitazama sasa hivi naona hata yenyewe haina linki zaidi ya ile ya menyu. Naandika makala ya achari wiki hii, nitaiunganisha humo.