Maswali na Majibu: Jasho Si Kipimo cha Nguvu

Maswali mengi yaliyofika safari hii ni ya pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kuimarisha kiwiliwili kwa mkeka au mashine, hasa ile inayoongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo), yaani fizio. Wale mnaouliza tena zoezi la kuondoa kitambi, jibu halijabadilika: hakuna zoezi la tumbo linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake. Tuendelee.

Swali: Nina miaka 41. Nimefanya pilates miezi minne hapa Malindi. Natoka jasho jingi na kesho yake mwili wote unauma, lakini nikipanda ngazi za nyumbani bado napumzika katikati. Mbona sipati nguvu? *Mama, Barani*

Jibu: Siku ya kwanza walikupima nini? Namuuliza hivyo kila anayeniletea swali la aina hii, na karibu wote hunyamaza. Jasho linakwambia kuna joto. Mwili kuuma kesho yake kunakwambia misuli imefanyishwa jambo isilolizoea. Nguvu ni habari nyingine, nayo ina vipimo vyake.

Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo chake kama sentimita 43, ukiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama wima kabisa kisha ukae, mara 5, haraka uwezavyo, mtu akushikie saa ya simu. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019 kuhusu kupungua kwa misuli unasema anayezidi sekunde 15 ana dalili ya udhaifu, na mwongozo huo umeandikwa hasa kwa kuwafikiria wazee. Wewe wa miaka 41 usijipongeze kwa sekunde 14.

Kisha simama kwa mguu mmoja, vidole viguse ukuta tu, unyanyue kisigino hadi juu kabisa, urudie mpaka kigimbi kikatae. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kukaribia mara 25, na idadi hushuka umri unapopanda. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, hesabu sekunde unazoweza kukaa bila nyonga kushuka. Fanya kulia na kushoto, maana tofauti ya pande mbili mara nyingi ndiyo inayotueleza mengi. Mtaalamu mwenye dainamomita, kifaa cha kubana kwa kiganja, atakupima pia nguvu za kushika kwa mkono. Mwongozo ule ule unahesabu kuwa dhaifu mwanamume aliye chini ya kilo 27 na mwanamke aliye chini ya kilo 16.

Andika yote kwenye daftari, na tarehe. Baada ya wiki sita rudia kwa kiti kile kile, saa zile zile za siku. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu ubongo unajifunza kuiamrisha misuli, misuli yenyewe hukua baadaye. Kwa hiyo usihukumu kwa kioo.

Jambo la pili: tangu uanze, mzigo umeongezwa? Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilishauri mwaka 2009 kwamba ukiweza kuzidisha mara moja au mbili juu ya idadi uliyopangiwa, mzigo upande kwa asilimia 2 hadi 10. Mkekani tunaongeza kwa kunyoosha mguu uliokuwa umekunjwa, kufanyia mguu mmoja badala ya miwili, au kufunga kifuko cha mchanga kifundoni. Kwenye mashine ya rifoma, kitanda cha pilates chenye kigari kinachovutwa na springi, angalieni sana: si kila springi inayoongezwa huleta ugumu. Yako mazoezi ambayo springi zikipunguzwa ndipo kiwiliwili kinapofanya kazi zaidi, kwa kuwa hakina cha kukishikilia. Ndiyo maana wingi wa springi pekee hausemi kitu.

Na hizo ngazi: kinachokusimamisha ni miguu au pumzi? Kama ni pumzi, usiningoje mimi. Nenda ukapimwe presha, moyo na wingi wa damu.

Swali: Pilates ni bora kuliko mazoezi mengine kwa maumivu ya kiuno? *Msomaji, Watamu*

Jibu: Haijathibitishwa hivyo. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona inasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, lakini hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Chagua utakayoendelea nayo.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mvuvi, navuta nyavu tangu utotoni. Mgongo ulipouma, fizio akaniambia nifanye pilates. Hayo si mazoezi ya wanawake wa hotelini? *Mvuvi, Lamu*

Jibu: Waalaikum salaam, kaka yangu. Aliyeyaanzisha ni mwanamume, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883. Alikuwa mtu wa ndondi na sarakasi za viungo, akafungwa kambini Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baadaye akafungua ukumbi wake New York. Aibu iondoke.

Nyavu zimekupa nguvu za kuvuta, tena kwa upande ulioizoea kamba. Jaribu hili leo usiku: piga magoti mkekani, viganja chini, mtu akulaze fimbo ya ufagio juu ya mgongo, kutoka kisogoni hadi kwenye makalio. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ukae sekunde 10. Badilisha. Wanaume wengi wa kazi nzito ninaowapima, fimbo huanguka upande mmoja kabla ya sekunde ya tano, na mwenyewe hushangaa. Fimbo ikianguka upande ule unaouma, mwambie fizio wako. Na asikuzuie kwenda baharini kwa maumivu ya kawaida ya mgongo. Kulala kitandani siku nyingi kunaudhoofisha zaidi.

Swali: Nina presha. Nikinyanyua miguu nabana pumzi, ni sawa? *Baba, Mambrui*

Jibu: Si sawa. Toa pumzi unaponyanyua, na dawa usiache.

Swali: Nimejifungua miezi miwili iliyopita, tumbo limeachana katikati. Bibi ananifunga leso kila asubuhi. Naweza kuanza pilates? *Mzazi, Maweni*

Jibu: Hongera, mwanangu. Leso inakutuliza, na bibi asikatazwe, ila haijengi msuli. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo: ukiona katikati ya tumbo panachomoza, mazoezi ya kujikunja na kujiinua kwa viwiko bado si yako. Anza na pumzi na misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoikaza kuzuia mkojo, tena baada ya kukaguliwa, hasa kama ulipasuliwa. Na hili hukuuliza: mkojo ukikuponyoka unapokohoa, useme. Wanawake wetu wanalivumilia miaka kwa miaka wakidhani ndio uzazi, kumbe lina tiba.

Swali: Bibi yangu ana miaka 72, mifupa imepungua nguvu na alishavunjika mkono. Namfundisha kwa video za simu, ile ya kulala na kujikunja hadi kugusa vidole. *Mjukuu, Muyeye*

Jibu: Acha leo. Kuukunja uti wa mgongo kwa nguvu kwenye mifupa laini kunaweza kuvunja pingili. Mpe kiti cha kuinuka na kukaa, kunyanyua visigino akishika meza, na kusimama mguu mmoja nawe ukiwa kando yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Video haimwoni bibi yako, na kumwona ndiko kazi yenyewe inakoanzia.

Swali: Nikandwe au nifanye mazoezi? *Dereva wa tuktuk*

Jibu: Kukandwa kunatuliza, mazoezi yanajenga.

Swali: Nitajuaje kama mwalimu ni fizio kweli? *Wengi*

Jibu: Kenya ina sheria ya fiziotherapia tangu mwaka 2014, nayo inamtaka asajiliwe na awe na leseni. Omba kuiona. Anayekasirika, ondoka.

Swali: Tangu juzi kiuno kinauma, miguu yote miwili imelegea, ninapokalia pamekufa ganzi na mkojo hautoki. Zoezi gani la pilates linafaa? *Jina tumelihifadhi*

Jibu: Hakuna. Huyu nilimpigia simu papo hapo. Nalichapisha kwa ajili ya mwingine. Dalili hizo zikija pamoja, mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda inabanwa, na ukichelewa madhara huweza kubaki maisha. Usifanye zoezi, usikandwe. Nenda hospitali leo, na uliye visiwani panda boti ya kwanza.