Mwanangu, mkataba wa Antaktika hauishi 2048

Marahaba mwanangu, sisi huku wazima. Voisi yako nimeisikiliza na ile video nimeiangalia yote. Umeniuliza, mama wewe si umefundisha jiografia miaka yote ile, ni kweli mkataba wa Antaktika unaisha mwaka 2048 na baada ya hapo kila nchi ruksa kwenda kuchimba mafuta? Halafu ukamalizia kwamba kama ni hivyo basi tu, wakubwa watagawana na sisi tutabaki kuangalia. Hicho kipande cha mwisho ndo kimenifanya nikae niandike.

Hauishi. Yule jamaa wa kwenye video kachanganya vitu viwili. Kuna Mkataba wa Antaktika wenyewe, ulisainiwa Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, Afrika nzima ilikuwepo Afrika Kusini peke yake, na huo hauna tarehe ya kwisha. Ndo unaosema bara lile litumike kwa amani na sayansi, na zile nchi 7 zinazodai kuwa na eneo kule (Uingereza, Ajentina na Chile wanadai mpaka eneo lile lile moja) madai yao yamewekwa kando, hayajafutwa wala hayajakubaliwa. Halafu kuna Itifaki ya Madrid ya 1991, nyongeza ya mkataba huo ya kulinda mazingira, iliyoanza kutumika Januari 1998. Kifungu chake cha 7 ni sentensi moja tu, kwamba shughuli yoyote ya madini ni marufuku isipokuwa utafiti wa kisayansi, na mafuta na gesi vimo humo humo.

Sasa 2048 inatoka wapi, ni ile 1998 ukijumlisha miaka 50. Kabla ya hapo marufuku haiwezi kuguswa mpaka nchi zote zenye kura (wale 12 wa mwanzo na waliojiunga baadaye wakafanya utafiti mkubwa kule) zikubali. Baada ya hapo nchi yoyote yenye kura inaweza kuomba kikao cha kuipitia itifaki, na kuomba kikao mwanangu we mwanasheria unajua sio sawa na kushinda kesi, manake ili mabadiliko yaanze kufanya kazi lazima robo tatu ya wenye kura wayaridhie na ndani yake wawemo wote 26 waliokuwa na kura mwaka 1991, na hata hapo marufuku ya madini haiondolewi kama haijawekwa sheria nyingine ya kusimamia uchimbaji. Ila sikufichi, upenyo upo. Mabadiliko yakipitishwa kwenye kikao halafu miaka 3 ikapita hayajaanza kutumika, nchi inaweza kutoa notisi ya kujitoa, na baada ya miaka 2 inakuwa imetoka. Kwahiyo kufuli lipo na ni gumu, lakini linashikiliwa na watu, watu wakichoka linafunguka.

Na hapa ndo nataka usome taratibu, kwa sababu ya ile "basi tu" yako. Unajua hao hao wakubwa walishakuwa na mkataba wa KURUHUSU uchimbaji? Walianza kuujadili rasmi 1982, wakaumaliza Wellington, New Zealand, mwezi Juni 1988, kila kitu tayari, yamebaki mabunge kuridhia. Januari 1989 meli ya Ajentina, Bahía Paraíso, ikagonga mwamba karibu na kituo cha Wamarekani cha Palmer ikamwaga kama lita 600,000 za dizeli, pale pale jirani na ndege wanapotagia. Miezi miwili baadaye meli ya mafuta Exxon Valdez ikapasuka Alaska, watu dunia nzima wakaona kwenye TV mafuta yanavyofanya kwenye bahari ya baridi. Kelele zikawa nyingi, na mwaka huo huo waziri mkuu wa Australia Bob Hawke na wa Ufaransa Michel Rocard wakasema sisi haturidhii. Bila hao wawili ule mkataba usingeweza kuanza, ukafia hapo. Miaka miwili baadaye ikaja Madrid. Yaani kitu kilichoandaliwa miaka sita na kikakamilika kilizuiwa na watu waliokataa, na mpaka leo hakuna kisima hata kimoja cha mafuta Antaktika.

Kuhusu yale mapipa bilioni 511 ya mafuta ambayo video inasema yapo kule, hiyo namba ilienea sana 2024 baada ya suala la meli ya Urusi inayopima chini ya Bahari ya Weddell, kule kule Antaktika, kujadiliwa kwenye kamati ya bunge la Uingereza. Ni makadirio, hakuna aliyetoboa akayaona. Urusi inasema ni utafiti. Mimi siwaamini moja kwa moja na nadhani ni haki watu kuwauliza maswali, kwasababu utafiti wa sayansi na utafutaji wa mafuta vinatumia vyombo vile vile na kinachovitofautisha ni nia.

Lakini kilichoniudhi kwenye ile video ni kwamba inamfanya mtu asubiri 2048 wakati mambo yanafanyika leo, na mengi ni halali kabisa.

Chukua krili, vile vidagaa vyekundu jamii ya kamba, wa urefu wa kidole. Pengwini anakula krili, sili anakula krili, nyangumi mkubwa kuliko wanyama wote duniani anakula krili. Meli zinawavua kwa tani, wanaenda kuwa chakula cha samaki wa kufugwa hasa samoni, na vidonge vya omega 3. Kikomo kwenye eneo kuu la uvuvi ni tani 620,000 kwa msimu, na kulikuwa na utaratibu wa kuzigawanya kwenye maeneo tofauti ili meli zisijazane pale pale pengwini wanapolishia watoto. 2024 nchi zikashindwa kukubaliana kuuongeza muda, ukafa. Msimu uliofuata, 2025, meli zikafikisha zile tani zote kwa mara ya kwanza na uvuvi ukafungwa mapema, mwezi Agosti. Tume ya kimataifa inayosimamia uvuvi huo, makao yake Hobart kule Australia, inaamua kwa wote kukubaliana, kwahiyo mmoja akigoma imeisha, na China na Urusi wamegomea maeneo mapya ya hifadhi kwa miaka sasa. Hifadhi kubwa iliyofanikiwa kupita ni moja, ya Bahari ya Ross, 2016.

Na wanyama wa kule tumeshawahi kukaribia kuwamaliza. Karne iliyopita waliua nyangumi wa buluu zaidi ya 300,000 nusu ya kusini ya dunia, na mpaka leo idadi yao haijarudi ilivyokuwa.

Barafu ndo usiseme. 2022 kwenye Bahari ya Bellingshausen barafu ilipasuka mapema, makundi manne kati ya matano ya pengwini emperor yakapoteza vifaranga karibu vyote, manake walikuwa bado hawajaota manyoya yasiyoingiza maji. Na ule mto wa barafu unaoitwa Thwaites, barafu yake ya mbele inayoelea baharini inazuia ya nyuma kama jiwe lililowekwa kwenye tairi la lori mlimani, na maji ya uvuguvugu yanaila kwa chini. Ukienda wote bahari itapanda kama sentimita 65, sio kesho wala miaka kumi, lakini hairudi. Halafu bara lile ni zito mpaka linavuta bahari ijae kuelekea kwake, barafu ikipungua mvuto unapungua, pale karibu maji yanashuka na huku mbali kwetu yanapanda zaidi ya wastani. Hayo hayasababishwi na kisima chochote cha Antaktika, ni moshi wa mafuta yaliyochimbwa kwingine.

Kwahiyo aliyekutumia ile video mwambie tarehe sio hiyo, na muelezee habari ya 1989, usimuache hivyo hivyo.

Halafu kuna kitu ningependa ukiulize hapo kazini, we uko karibu na watu wa mikataba. Mkataba wa 1959 uko wazi kwa nchi yoyote ya Umoja wa Mataifa kujiunga. Ukijiunga bila kuwa na utafiti mkubwa kule hupewi kura, lakini unaingia kwenye vikao, unasikia na unasema. Tanzania hatumo, Kenya hawamo, na bahari inayopanda ni yetu. Ni nani wizarani anahusika na hilo, na limewahi kupelekwa mahali? Nijibu kwa maandishi, voisi zako zina kelele za daladala. Baba yako anakusalimia sana na anauliza utakuja lini.

Mama