Kuhusu Loga na mkataba wako

Mwanangu,

Mama yako hajambo, mguu umeanza kupoa. Umeniuliza kama uache ualimu uende Muscat kufundisha watoto mpira kwa mkataba wa mwaka mmoja, kisha ukaongeza: "Baba, nisije nikawa kama Loga, kila nikienda nafukuzwa."

Loga namkumbuka vizuri. Tarehe 21 Desemba 2013 tulikuwa wote Uwanja wa Taifa, mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba yetu na Yanga. Yule kocha Mkroatia, Zdravko Logarušić, alikuwa ndiyo kwanza ameingia Simba. Mshambuliaji wetu Tambwe akatupia mawili, Yanga wakalala 3-1, nawe ukapoteza ndala moja kwenye ngazi. Jioni ile Loga angegombea ubunge pale Msimbazi, makao ya Simba, angepita bila kupingwa. Msimu ukaisha tukiwa wa nne, nyuma hata ya Mbeya City. Agosti 2014, ligi mpya haijaanza, akafungashiwa virago. Na mimi, nisikufiche, nilikuwa kwenye kundi lililopiga kelele aondoke.

Sasa tazama kwingine. Gor Mahia ya Kenya waliachana naye 2013, na mwaka huohuo wakabeba ubingwa walioukosa kwa miaka 18, kocha akiwa Bobby Williamson. Timu ya taifa ya Sudan aliipa nafasi ya tatu CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Zimbabwe akaifikisha AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika: walifuzu Machi 2021, Septemba wakamtimua, timu ikaenda kwenye fainali Cameroon na kocha Norman Mapeza. Anapika yeye, wanapakua wengine. Lakini umeona? Kila alikotimuliwa, simu nyingine iliita.

Kwa hiyo kufukuzwa hakunitishi. Kinachonitisha ni hiyo karatasi uliyonitumia. Nimeisoma mara mbili nikiwa na miwani. Mshahara upo, nyumba ipo, tiketi ya kwenda ipo. Ya kurudi sikuiona. Wala hapasemi wakikukatisha mwezi wa nne watakulipa nini. Mimi kuna mahali waliniachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu, nikatoka na nauli ya daladala tu, kwa sababu siku ya kusaini nilikimbilia kutazama tarakimu ya mshahara.

Shuleni usiandike barua ya kuacha. Omba kwanza likizo bila malipo, uone watasemaje. Na huyo wakala mwambie aongeze hayo mawili kwa maandishi. Akianza kukuzungusha, nipigie kabla hujatia sahihi, hata kama ni usiku.

Baba yako