Meli aliyoondokea babu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Ule ujumbe wako mrefu nimeusoma, kisha nikamwambia mdogo wako anisomee tena kwa sauti, maana miwani yangu imevunjika mkono na fundi kila siku ananiambia kesho. Unasema umeshinda kule Kew kwenye nyaraka za Waingereza, umepekua orodha za abiria wa meli za zamani mpaka macho yakauma, na babu yangu hujamwona. Unauliza alikuja na meli gani, mwaka gani, akashukia wapi.

Kwanza nikupunguzie kazi. Orodha hizo ni za watu walioingia Uingereza au kutoka Uingereza kwa safari za mbali. Babu alitoka Porbandar, India, na meli ya Bombay kwenda Mombasa haikuwa na shughuli Southampton, bandari ya Waingereza. Ni sawa na kumtafuta mvuvi wa Nyegezi kwenye daftari la wavuvi wa Bukoba, halafu ukasema hakuwahi kuvua.

Na lile la shangazi yako, kwamba babu alikuja kujenga reli ya Uganda, liache. Nimelisikia tangu utotoni, huwa linanogeshwa msibani. Reli ile ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, wakati huo wakiita Port Florence. Wahindi walioletwa kwa mkataba walikuwa karibu 32,000, wengi wao watu wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, na waliobaki huku baada ya mkataba hawakufika 7,000. Babu mwaka huo kama alikuwa amezaliwa basi alikuwa ananyonya. Tena kwa maelezo ya bibi, mikono yake haikuwahi kushika sururu. Alikuja kukaa dukani kwa kaka yake, kama walivyokuja wengi.

Njia yake naijua hata bila karatasi. Baba alizaliwa mwaka treni ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza, 1928, na bibi alikuwa na kawaida ya kusema mtoto na gari moshi walipishana mlangoni. Kwa hiyo babu alikuwa ameshafika kabla. Na kabla ya hapo mtu wa kutoka Bombay alikuwa anashukia Mombasa, anapanda treni mpaka Kisumu, anavuka ziwa kwa meli kupitia Musoma. Labda. Kwa sababu angeweza pia kuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi, na nahodha wa jahazi sijasikia aliyehifadhi orodha ya abiria kwa faida ya vitukuu.

Sasa hilo ndilo ulilouliza, nimelijibu. Lakini mimi, mwanangu, sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya meli aliyojia. Iliyonikosesha usingizi ni ile aliyoondokea.

Baba alikuwa ameanza shule, bado hajui kuandika jina lake lote. Babu akaaga kwamba anakwenda kwao kuona wazazi na atarudi mvua za mwaka unaofuata. Unajua lililokuja baadaye: hakurudi. Kinachonisumbua ni kwamba reli ilikuwepo. Angepanda treni hapa hapa, Tabora, Dar es Salaam, baharini. Yeye akapanda meli ya kwenda Kisumu. Enzi hizo meli za Usoga na Rusinga ndizo zilizokuwa zinazunguka ziwa, na bibi alimsindikiza mpaka gatini na kikapu cha karanga. Kwa nini Kisumu? Wapo waliosema alikuwa na madeni ya kukusanya Musoma. Shangazi yako anasema lingine. Mimi silisemi.

Nilipokuwa karani wa mizigo nilishika hizo karatasi za meli kwa mikono yangu. Marobota ya pamba niliyaandika moja moja: alama, namba, uzito, mwenyewe, aendako. Abiria wa daraja la tatu niliandika idadi. Nikimaliza marobota mkono unauma; nikifika kwa watu ni tarakimu moja tu, nimemaliza. Ndiyo maana nakwambia kila siku, na mama yako amechoka kunisikia: wa sitahani hana jina. Ulikuwa mdogo Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu ikabidi watafutwe na ndugu zao, na wengi wamelala Igoma bila mtu kujua yupi ni yupi. Ikiwa hivyo 1996, na redio zipo na simu zipo, wewe unategemea nini kwa mwenye duka mdogo aliyelala juu ya mkeka sitahani miaka ya thelathini? Wa sitahani hana jina.

Sawa, sisemi hakuna aliyeandika kabisa. Wakoloni walipenda kuandika. Lakini aliyeandika ameandika jina kwa masikio yake yeye, na daftari lake si lile ulilofungua.

Sasa nikueleze la dukani, maana nadhani sijawahi kukueleza lote.

Ilikuwa baada ya Uhuru, mimi nipo shule ya msingi. Bibi alisikia kwamba barua imefika kutoka India, imefika kwa yule mtoto wa kaka yake babu aliyerithi duka, upande wa Makoroboi. Akanishika mkono tukaenda. Alivaa kanga yake mpya. Dukani palijaa watu, na yule bwana alikuwa nyuma ya meza ndefu yenye kipimo cha yadi cha shaba kilichopigiliwa misumari ukingoni, kimeng'aa katikati kwa kuguswa. Alimwona bibi. Akanitazama na mimi, akatazama masikio yangu, haya haya unayoyafunika kwa nywele. Bibi akamsalimu kwa Kisukuma, akasema: nimekuja kuuliza habari za mwenyewe.

Yule bwana Kisukuma alikijua kama mtu wa Magu. Akajibu kwa Kisukuma, polepole: mama, leo nina kaniki nzuri.

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, nikatie.

Akaivuta jora, akapima kwenye ile shaba, yadi kwa yadi, na alipofika mwisho akasogeza kitambaa kama shibiri moja zaidi kabla ya kupitisha mkasi. Hakusema kitu. Akakunja, akafunga kwa gazeti. Akataja bei. Bibi akafungua fundo la pembe ya kanga, akahesabu, akalipa, na mwanamke yule ambaye kwa samaki wa senti kumi alikuwa anabishana mpaka muuzaji anacheka, siku hiyo hakupunguziwa wala hakuomba.

Njiani hakulia. Alininunulia muwa. Na tangu siku ile alivaa ile kaniki mpaka ikapauka ikawa rangi ya majivu.

Basi mimi nimezeeka nabishana na nafsi yangu. Yule bwana alikuwa anauza kitambaa, au alikuwa anamwambia mwanamke mbele ya wateja, kwa adabu, kwamba mumewe amekufa? Bibi alielewa la pili, hilo halina ubishi. Na ile shibiri ya nyongeza si ya bure; mwenye duka haongezi kitambaa kwa bahati mbaya. Nikifika hapo namsamehe kabisa. Halafu nakumbuka alipokea hela. Mtu anakupa habari ya msiba, msiba wa baba yake mdogo, na anakudai bei ya nguo ya msiba? Hapo moyo unanigeuka upya. Mama yako anasema huenda angekataa hela wateja wangeuliza kwa nini. Huenda. Mama yako ana huruma kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Na babu je? Hilo najua ndilo unalolizungukia, na kusema kweli nina maneno tayari, yako hapa mdomoni. Lakini nikitaka kuyatamka nakumbuka meli. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili nzuri kwenye njia ya Bombay na Mombasa miaka ile, Kenya na Karanja. Wakati wa vita zote mbili zikachukuliwa na jeshi, na Karanja ikazamishwa pwani ya Algeria 1942. Kwa hiyo mtu aliyetaka kurudi kwa mke wake Mwanza angerudi na nini? Hayo ni ya kumtetea. Ila vita viliisha 1945, na kalamu hazikuzama na Karanja. Barua moja tu. Bibi angetafuta wa kumsomea. Basi, niishie hapo, nisije nikasema ambalo baba hakuwahi kulisema, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye haki.

Kwa hiyo Kew usirudi kwa ajili hii. Ukipata nafasi, tafuta nyaraka za Nairobi, na uangalie waliotoka Mombasa kwenda Bombay kati ya 1935 na 1939. Jina lake liandike kila namna unavyoweza kulikosea. Angalia pia kama alisafiri peke yake.

Shangazi yako anataka umpigie Jumapili baada ya kanisa, anasema ana ya kukueleza kuhusu Kisumu. Mpigie, ana umri ule. Akishaanza, chukua kalamu, maana hupenda kubadilisha majina katikati. Mimi utanieleza nikikuuliza, na usishangae nikichelewa kuuliza.

Mama yako anasalimu. Dagaa tumempa yule kijana wa kwa jirani anayesafiri mwezi ujao. Mwambie mwenye nyumba wako mapema kuhusu harufu.

Baba yako