Jibu: Stata inalia "ta" halafu kimya
Ndugu, usiifungue stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) bado. Umesema ukizungusha ufunguo wa gari inalia "ta!" mara moja, taa zinawaka vizuri, injini haizunguki. Taa hula umeme kidogo sana, kwa hiyo hazithibitishi betri ni nzima. Weka gia huru, mwenzako azungushe ufunguo huku ukipima betri kwa mita ya volti: ikishuka chini ya volti 9.6, ichaji kwanza. Ikibaki karibu 12, stata haivuti umeme inavyopaswa. Hapo gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ganda la chuma la stata, mwenzako awashe tena. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa arthi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) una kutu au umelegea. Kwenye magari ya zamani mimi huanzia hapo, hasa ule unaounganisha injini na bodi ya gari. Arthi ikiwa safi, igonge stata taratibu mwenzako akizungusha ufunguo. Ikizunguka, kagua kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka.