Muulize Mwalimu wa Kwaya: Wimbo wa kuitwa majina mbinguni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwaya yetu huimba misibani ule wimbo wa parapanda ya Bwana kulia na majina kuitwa huko juu, kila mmoja akisema atakuwepo. Mzee wetu wa kanisa anasema mtunzi alikuwa askari, maana parapanda na kuita majina ni mambo ya gwaride. Ni kweli? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, James Milton Black, Mmethodisti wa Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Parapanda ni ya Mtume Paulo, Wathesalonika wa Kwanza 4:16. Majina yalitoka kwenye daftari la mahudhurio.

Black mwenyewe alisimulia kwamba alimkuta kichochoroni binti wa miaka 14, nguo zimechakaa, baba yake mlevi. Akamwalika, binti akaanza kuja. Siku moja majina yakaitwa, kila kijana akajibu kwa mstari wa Biblia kama ilivyokuwa desturi yao. Zamu ya binti yule ilipofika, kimya. Black akawaambia wenzake ingekuwa huzuni iliyoje jina lake likiitwa huko juu naye asiwepo. Akatafuta wimbo wa neno hilo kitabuni, akaukosa. Alipofika nyumbani maneno yakamjia kwa dakika 15, akakaa kwenye piano, tuni nayo ikaja, na hakubadili hata noti moja. Hiyo ni 1893. Kumbe binti alikuwa kalala na nimonia, na siku chache baadaye akafariki.

Mimi nimeita majina shule ya Jumapili miaka 31, na kimya kile nakijua. Kalamu inasimama juu ya daftari, watoto wanageukia benchi lenye nafasi. Ndiyo maana naumia nikisikia wimbo huu ukikimbizwa kwa kinanda, mbele ya jeneza, kana kwamba kuna basi linatuacha.

Tazameni kiitikio. Mwito unakuja mara tatu bila jibu. Ni mara ya nne tu ndipo mwimbaji anasema atakuwepo. Black ametuwekea pale nafasi ya kusikiliza. Basi mkiimba tena, besi washushe sauti kwenye mwito wa tatu, mpiga kinanda aondoe mkono, mvute pumzi. Halafu wote, sauti zote nne, jibuni.